Koti la Zamu

Kwaru, kwaru. Kimya kidogo. Kisha tena, kwaru, kwaru.

Alikuwa kuku mweupe, huko pembeni ya jiko, anaparua tenga lake. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado. Mwanaasha alikuwa macho zamani, amekaa mkekani na kibatari mbele yake, anamalizia pindo. Kila kuku alipoparua, sindano ilisita mkononi, maana alijua kuku yule anatafuta nini. Anatafuta koti lake.

"Nisamehe," alimnong'oneza. "Nimekuwekea majani makavu, mazuri kabisa. Lalia hayo."

Kuku hakuyataka majani. Akaparua tena.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Mwanaasha alitakiwa awe Kibaha, mtaa wa Kwa Mathias, kwenye kikundi cha ushonaji cha akina mama. Kikundi kilikuwa na vyerehani vitano na washonaji wanne. Mkuu wao, Mama Marselina, mwanamke wa kutoka bara ambaye mumewe alikuwa karani serikalini, aliwaambia wanawake watatu waliokwenda kuomba nafasi ile moja: "Sitaki barua ya mwenyekiti wa kijiji. Sitaki mtu kuniambia anajua. Kila mmoja aje Jumamosi amevaa kazi ya mkono wake. Nitaiangalia kwa macho, kisha nitaiangalia kwa vidole."

Tangu siku hiyo Mwanaasha alikosa utulivu. Akikaa, anasimama. Akienda kisimani, anarudi na ndoo nusu kwa kuwaza. Usiku anageuka upande huu na huu mpaka kitanda kinalia. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliolewa Kisarawe mjini, akaachika, akarudi Vihingo kwa wazazi wake na sanduku moja na mkasi. Baba yake, Mzee Salehe, hakumuuliza swali hata moja. Alichukua jembe akaongeza matuta ya mihogo upande wa msituni, maana nyumbani mlaji ameongezeka, basi. Sasa Mzee Salehe naye hayupo. Siku ile ya Alhamisi ilikuwa ya thelathini na saba tangu azikwe, na Jumapili ingesomwa arobaini yake. Mwanaasha aliona kama asipokipata kile cherehani cha tano, atabaki Vihingo anatembea kati ya jiko na kisima mpaka nywele ziwe nyeupe.

Na mwaka ule nguo zilikuwa hazionekani. Duka la kijiji lilikaa miezi na chumvi na viberiti tu. Siku lilipoletewa jora, lilikuwa la aina moja: kitambaa cha kijani chenye picha za mahindi ya njano. Watu walipanga foleni tangu usiku, kila nyumba ikapata kipande chake, na baada ya wiki mbili Vihingo nzima ilivaa mahindi. Akina mama mahindi, watoto mahindi, mwenyekiti naye shati la mahindi. Mzee mmoja alimfokea mwanamke kisimani muda mrefu kabla hajagundua kwamba si mkewe.

Mwanaasha alikuwa na tabia moja tangu utoto, nayo haikumtoka: hawezi kuvaa kitu kama kilivyokuja. Kipande chake cha mahindi alikikata sketi, akageuza mahindi yote yaangalie chini. Katikati akaingiza pembetatu za kitambaa cha mfuko wa unga wa msaada, zile herufi za buluu akaziacha makusudi, moja imesimama, nyingine imelala. Juu ya sketi hiyo akashona kizibao, kikoti kifupi kisicho na mikono. Na kizibao ndicho kilichomtoa usingizini, kwa sababu alikishona kutokana na koti la kuku.

Lilikuwa koti la kafa Ulaya, yaani mtumba wa zamani, zito, la kahawia lenye mistari myembamba, na ndani lina bitana nyekundu kama tunda la kungumanga likipasuka. Baba yake alilivaa harusini na kwenye misiba. Siku za matanga nyumba ilijaa wageni, jikoni hapapitiki, na mkono wa mtu, hajulikani nani, ulilitoa koti msumarini ukalitandika ndani ya tenga, kuku akalala juu yake na mayai yake. Mwanaasha alijua kuwa nguo za marehemu haziguswi mpaka arobaini. Lakini nguo za marehemu zilikuwa sandukuni, chumbani kwa mama. Hili lilikuwa limeshatupiwa kuku. Aliona limeachwa. Akalitoa, akalifua, akalianika, akalifumua.

Alipofika kwenye mikono alishangaa. Pale chini, kwenye pindo, palikuwa na matundu ya sindano mstari juu ya mstari, kama njia za mchwa. Uzi mweusi, uzi mweupe, uzi mwekundu, hata uzi wa gunia. Mikono ile ilikuwa imepandishwa na kushushwa mara nyingi mno. Mstari wa mwisho ulikuwa wa uzi mweupe, bado mpya, umepandisha pindo kwa upana wa vidole vinne.

"Kwani baba alikuwa anarefuka na kufupika?" alijiuliza, akacheka peke yake. Mkono mmoja akaufumua. Wa pili aliuacha kwa kuwa hakuuhitaji, akausokomeza chini ya mto.

Bitana ile nyekundu ndiyo aliyoiweka nje, kahawia ikakaa ndani. Akivaa kizibao na sketi, alikuwa hafanani na mtu yeyote wa Vihingo, wala wa Kisarawe.

Jua lilipotoka, mama yake akamwita. Bi Mwanakheri alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi za mjane, hatoki kwenda popote, hajipambi. Mwanaasha alimkuta amekaa sakafuni, sanduku liko wazi.

"Njoo unishikie, mwanangu. Tupange nguo za baba yako kabla ya Jumapili." Akazitoa moja moja, akizikung'uta taratibu. "Kanzu hii ya mdogo wake. Hii ya imamu. Kofia hii mimi sitoi. Msuli huu wa jirani aliyechimba kaburi." Akanyamaza. "Na koti?"

"Koti gani, mama?"

"La kahawia. Lilikuwa msumarini, nyuma ya mlango wa jiko."

Mwanaasha akasimama. "La nani lile?"

"La Kibwana wa Gwata. Si ndiye aliyemwosha baba yako? Mwosha maiti lazima apewe nguo ya marehemu. Na lile hata hapewi, anachukua chake. Koti lilikuwa la wawili. Walilinunua Kariakoo mwaka wa Uhuru, vijana wale, hawakuweza kununua mawili, wakanunua moja. Tangu hapo linakwenda Gwata, linarudi Vihingo. Baba yako aliniambia siku mbili kabla hajafa: koti mpelekeeni Kibwana, ni zamu yake." Mama akainua macho. "Mwanaasha? Mbona umesimama hivyo?"

Mwanaasha alikwenda chumbani, akarudi na kizibao mikononi. Akampa mama.

Bi Mwanakheri alikitazama muda mrefu. Akakigeuza ndani, akaona kahawia na mistari myembamba. Mwanaasha akangoja kupigiwa kelele. Lakini mama alipitisha kidole kwenye mshono, polepole, toka begani mpaka chini.

"Umeshona vizuri," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Ungekuwa umeharibu, ningejua la kukuambia."

Siku nzima ile Mwanaasha alihangaika kurudisha koti kuwa koti. Alipanga vipande mkekani, akavipangua. Mgongo alikuwa ameukata katikati. Kola ameipunguza. Jirani yao, Bi Tatu, alipita kuomba moto, akamkuta katikati ya vipande.

"Mwenzetu yuko kazini! Baba hajamaliza arobaini, yeye anajishonea nguo za ngoma."

"Chukua moto wako, Bi Tatu," mama alijibu kutoka ndani. "Na ukirudi unirudishie kibao cha mbuzi changu, sasa mwezi wa tatu."

Bi Tatu akachukua moto.

Jioni Mwanaasha alikaa mlangoni kwa mama. "Nitangoja Jumapili. Akija nitamwambia."

"Mbele ya watu wote wanaosoma khitma? Umwaibishe au ujiaibishe?" Mama akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kutoka, la sivyo ningekwenda mwenyewe. Nenda kesho Gwata. Tena nenda umekivaa. Usikifiche kwenye furushi kama kitu cha wizi. Mtu akione kilivyo."

"Akinivua je? Jumamosi nitavaa nini?"

"Akikuvua, ni chake," alisema Bi Mwanakheri. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Utavaa kanga yangu. Na utakwenda hivyo hivyo."

Ijumaa alipanda lori la mkaa la Hemedi, aliyekuwa anakwenda kupakua Mlandizi. Hemedi alimtazama kuanzia chini hadi juu.

"Dada, wewe ni bendera ya nchi gani?"

"Ya nchi isiyopenda wavivu. Nipishe."

Hemedi akacheka mpaka akakohoa. Lakini alipoona kiti cha mbele kimejaa vumbi la mkaa, alivua shati lake, akaligeuza, akalitandika. Aliendesha njia nzima na fulana yenye matundu, na wala hakulitaja tena jambo hilo. Alimteremsha Mlandizi, akamwonyesha njia ya Gwata. Mwanaasha akatembea. Kila aliyekutana naye njiani aligeuka kumtazama. Siku nyingine angefurahi. Siku ile kila jicho aliliona linauliza: koti liko wapi?

Alifika watu wanatoka kuswali Ijumaa. Mzee Kibwana alikuwa mfupi, mnene, mwenye kucheka haraka, na alimtambua kwa mbali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Mtoto wa Salehe huyo! Vihingo mmekuwa mapacha, naona, kijiji kizima mahindi. Karibu, karibu. Mwanaamina! Tuna mgeni!" Ndipo macho yake yakatua kwenye kizibao. Upepo ulikipeperusha kidogo, kahawia ya ndani ikaonekana. Kicheko kikaisha.

Mwanaasha hakungoja kukaribishwa kiti. "Baba, ni lile koti. Nililikata mimi. Nilidhani limetupwa, lilikuwa kwenye tenga la kuku. Sikujua ni zamu yako. Nimekuja kukuambia kabla ya Jumapili."

Mzee Kibwana alikaa kwenye kigoda. Mkewe, Bi Mwanaamina, akatoka na kata ya maji, akasimama mlangoni. Mwanaasha alianza kufungua kifungo cha kwanza.

"Ulifumua mikono?" mzee aliuliza ghafla.

"Ndiyo, baba. Mmoja. Wa pili ninao." Akautoa kwenye kifurushi chake cha vipande na sindano.

Kibwana aliupokea kwa mikono miwili. Aligeuza pindo, akalileta karibu na macho. Alipoona ule uzi mweupe, mpya, uliopandisha vidole vinne, alishusha pumzi ndefu.

"Ameshaushona," alisema. "Mwanaamina, njoo uone. Salehe ameshaushona."

Mwanaasha hakuelewa. Bi Mwanaamina akamvuta mkono akamketisha. "Hawa wawili," alisema, "mmoja mrefu kama mnazi, mmoja huyu unayemwona. Koti likikaa kwa marehemu, mikono inashushwa. Likija huku inapandishwa."

"Na sharti lilikuwa moja," alisema Kibwana, bado anaushika ule mkono. "Anayetoa ndiye anayeshona. Simpi mwenzangu koti akahangaike na fundi. Nalipima kwa mkono wake, nalishona mwenyewe, ndipo nampelekea. Mimi nashona kama ninafunga gunia, na uzi wenyewe wa gunia. Baba yako alikuwa na mkono mwepesi. Hukujua?"

Hakujua. Miaka yote hiyo alidhani mkasi na sindano ni vya kwake peke yake, kitu alichozaliwa nacho bila kukirithi kwa mtu. Hakuwahi kumwona baba yake na sindano. Sasa alimwona, kama yuko mbele yake, amekaa ubavuni mwa nyumba na homa mwilini, anapandisha pindo ili koti limfae mtu mfupi wa Gwata. Na yeye mwanawe ameufumua mkono mmoja huku anacheka.

Alilia. Bi Mwanaamina akampa yale maji, akamwacha alie, hakumwambia anyamaze. Akaenda jikoni akarudi na muhogo wa nazi, akauweka kando yake, asije akaona haya kula.

Baada ya muda mrefu mzee Kibwana alisema, "Nililitaka nilivae Jumapili. Nikae kwenye khitma ya mwenzangu na koti letu. Nimelala nikiliwaza hilo." Hakusema kwa ukali, lakini Mwanaasha aliinama kama amepigwa. "Sasa sikiliza. Hicho ulichovaa ni kizibao. Kizibao mwanamume anavaa juu ya kanzu. Kwani ni nani aliyekuambia hakiwezi kunifaa?"

"Hakikutoshi, baba."

"Lini koti hili lilinitosha mimi bila kushonwa? Simama hapa unieleze, Jumamosi unakwenda wapi? Maana mtu havai hivyo kuja kuungama tu."

Akamweleza: Kwa Mathias, Mama Marselina, cherehani cha tano, kuvaa kazi ya mkono wako.

Mzee akahesabu kwa vidole kama anapanga zamu ya maji. "Basi kesho zamu yako. Jumapili zamu yangu. Na anayetoa ndiye anayeshona."

Alasiri ile yote Mwanaasha alishona kwenye kibaraza cha Gwata. Alifumua mbavu, akaongeza kitambaa kutoka kwenye mabaki ya ule mkono alioufumua, akakikunja ndani kati ya bitana na kahawia, akakishikiza kwa mishono mirefu ya kukamata tu, ili Jumapili akivuta uzi mmoja kila upande, kizibao kitanuke. Akasafisha pande zote mbili, nyekundu na kahawia, kiweze kuvaliwa nje-ndani. Kibwana alikuja kila mara, mara na tochi isiyo na betri, mara na kisingizio cha kutafuta fimbo, akichungulia.

"Huo mkono wa pili usiufumue," alisema mwishowe.

"Siufumui, baba." Akaukata juu ya pindo, kipande cha upana wa kiganja, akakishona upande wa kahawia, juu ya moyo, kuwa mfuko. Mdomo wa mfuko ulikuwa lile pindo la baba yake, na uzi wake mweupe kama alivyouacha.

Usiku ule alilala Gwata, na Jumamosi asubuhi alifika Kwa Mathias amevaa nyekundu nje. Mabasi yalikuwa yanapiga honi, wauza machungwa wanakimbilia madirishani, na barazani kwa kikundi wenzake wawili walikuwa wameshafika. Mmoja alikuwa Stellamaris, binti wa Kibaha, gauni lake limenyooka kama limechorwa kwa rula. Mwingine alikuwa mama wa makamo mwenye blauzi ya marinda. Mama huyo alimtazama Mwanaasha akaziba mdomo.

"Mwenzetu amevaa duka zima la kijiji na la misheni."

"Na mfuko wa unga," Mwanaasha alijibu. "Usisahau mfuko wa unga."

Stellamaris akacheka, lakini kwa wema, akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

Mama Marselina alivaa miwani yake. Alimgeuza Stellamaris, akaguna kwa kuridhika. Alimgeuza mwenye marinda, akamwonyesha rinda moja lililopinda. Akafika kwa Mwanaasha. Alizunguka mara mbili. Akainamia sketi, akafuata pembetatu moja baada ya nyingine. "Mahindi yako yanaota kwenda chini."

"Kwetu yote yanaota kwenda juu, mama. Nilitaka yangu niyajue nikiyaona kwenye kamba."

Kisha vidole vikapanda kwenye kizibao, vikapita ubavuni, vikasimama.

"Hapa pana nguo imelala ndani. Huku pia. Kitambaa chote hiki, mwaka huu ambao watu wanavaa magunia, umekificha ndani. Kwa nini?"

Mwanaasha alijua kwamba mtu mwingine angesema amekosea kipimo, akaomba radhi. Alisema, "Kesho kitavaliwa na mtu mnene, mama. Mimi nina leo tu."

Mwenye marinda akaangua kicheko. Mama Marselina hakucheka. "Mtu gani?"

Akamwambia yote: kuku, koti, zamu, mkono uliofumuliwa na mkono uliobaki. Alisema haraka haraka, macho yake kwenye kikanyagio cha cherehani. Alipomaliza, Mama Marselina alimwomba akivue. Akakigeuza kahawia nje, akaona mfuko, akaona uzi mweupe. Vidole vyake havikuugusa, vilisimama karibu nao tu.

"Huu si mkono wako."

"Si wangu, mama. Ni wa baba."

"Nilijua. Wake umetulia kuliko wako." Akamrudishia. "Mjue jambo hili nyote watatu. Mtu anakuja hapa na gauni moja, ndilo hilo hilo la kanisani na la shamba, na mwaka kesho amepata mimba, au mdogo wake amekua, au amekonda kwa maradhi. Mimi sitafuti wa kunishonea kitu kipya. Kitambaa kipya kiko wapi? Natafuta anayeshona akijua nguo itavaliwa na mwingine." Akamtazama Stellamaris kwa huruma. "Wewe mshono wako ni mzuri kuliko wote. Cherehani kikipatikana cha sita, ni chako." Kisha kwa Mwanaasha: "Jumatatu, saa moja asubuhi. Njoo na mkasi wako, wa hapa ni butu."

Mwanaasha alitaka kukaa, akataka kukimbia, akabaki amesimama kati ya hayo mawili. Alipokuwa anateremka barazani Stellamaris alimfuata. Mwanaasha alijua anachokuja kusema: kwamba mshono mzuri kuliko wote ndio ulioachwa. Angekuwa yeye angekisema. Lakini Stellamaris alifungua mkoba akatoa kidonge cha uzi wa kahawia, kidogo sana, kimezungushwa kwenye kijiti cha kiberiti.

"Wa kesho," alisema. "Ukivuta ile mishono mirefu utataka kuimarisha ubavuni. Kahawia haipatikani hapa mjini. Chukua."

Jumapili nyumba ya Vihingo ilijaa tena, sasa bila kilio. Mzee Kibwana alifika mapema, kanzu nyeupe, jasho usoni. Mwanaasha alimkalisha nyuma ya nyumba, akavuta uzi wa kulia, akavuta uzi wa kushoto, kizibao kikafunguka kama mtu anayepumua. Akaimarisha kwa uzi wa Stellamaris, kahawia nje. Kibwana akakivaa, akapapasa mfuko ulio juu ya moyo, akaenda kukaa kwenye mkeka wa mbele kati ya wasomaji. Kutoka dirishani Bi Mwanakheri alimwona. Alitazama mara moja tu, akarudi kwenye tasbihi yake, lakini Mwanaasha aliuona uso wake.

Bi Tatu naye alikuja, na kibao cha mbuzi mkononi. "Na wewe ukishaanza huko Kibaha," alimwambia Mwanaasha, akitazama pembeni, "hili gauni langu la mahindi linaweza kugeuzwa likawa kitu?"

"Lete, Bi Tatu. Tutaona."

Vipande vya kahawia vilivyobaki, visivyofaa hata kiraka, Mwanaasha alivitia kwenye tenga. Kuku akavikanyaga kanyaga, akazunguka, akakaa.

Wali uliliwa, dua ikaombwa, watu wakaanza kuondoka. Mzee Kibwana alikuwa wa mwisho. Mwanaasha alimsindikiza mpaka kwenye njia ya lori. Kesho yake alikuwa na safari, na mwili wake ulikuwa umeshaanza kwenda. Alikunja na kukunjua pembe ya sketi bila kujijua. Mzee aliliona hilo.

"Una haraka kama baba yako. Yeye akija Gwata hamalizi chai." Akapapasa ule mfuko. "Nitakaa nacho mpaka mwezi wa mfungo uishe. Kisha zamu yako. Ila sikileti, na wala usitume mtu. Nami itabidi nikipunguze kwa mkono wangu mbovu, na uzi wa gunia, uje unicheke."

"Nitakuja, baba."

"Usiseme tu. Salehe alikuwa akisema nitakuja, na anakuja. Sasa nani atakuja?" Lori lilisikika kwa mbali, Hemedi anapiga honi. Kibwana akaukamata mkono wa Mwanaasha, mkono wa sindano, akaushika kidogo. "Hata kama kizibao hukitaki, mwanangu, hata kama umeshajishonea kumi. Njoo tena Gwata."